Kijana aliyeomba msaada akageuzwa mnyama

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuona mwalimu wa elimu ya dini anatumia nafasi hii kuzungumzia filamu ya kutisha, tena ya zamani, ya Marekani, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo. Sina nia ya kumshawishi mtu akaitafute. Ninaizungumzia kwa sababu vijana wetu wa mijini wanaangalia filamu za watu wanaogeuka wanyama usiku na mchana, kwenye simu na kwenye mabanda ya video, na mara nyingi swali pekee ambalo sisi wakubwa tunawajibu ni iwapo inafaa kuziangalia au haifai. Likishajibiwa hilo tunafunga mjadala. Lakini ndani ya baadhi ya hadithi hizo yamo mambo ambayo vijana wanayaona na sisi hatuyaoni, na mengine yanatuhusu sisi wazazi na walimu kuliko yanavyowahusu wao.

Filamu ninayoikusudia inaitwa I Was a Teenage Werewolf, yaani "Nilikuwa kijana mbwamwitu". Ilitoka mwaka 1957. Kwa jina tu mtu anaweza kuicheka, na wengi waliicheka. Hata hivyo, ukiitazama kwa makini utakuta chini ya yale manyoya na meno ya bandia kuna swali zito ambalo kila mwenye mtoto wa kiume analijua: kijana mwenye hasira anapokubali mwenyewe kuwa anahitaji msaada, anakabidhiwa kwa nani, na nani anafuatilia anachofanyiwa huko?

Zama zilizoizaa filamu hii

Kwanza tuieleze asili yake. Filamu hii ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na urefu wake ni dakika 76. Mwongozaji alikuwa Gene Fowler Jr. na mtayarishaji Herman Cohen, na ilisambazwa na kampuni ya American International Pictures. Gharama zake zinatajwa kuwa kiasi cha dola 82,000 tu, fedha ndogo hata kwa wakati ule, lakini iliingiza kiasi cha dola milioni 2. Kampuni ile ilikuwa imegundua jambo moja la kibiashara: watu wazima walikuwa wanabaki nyumbani na televisheni zao, na waliokuwa wanatoka kwenda sinema walikuwa vijana. Kwa hiyo ikawatengenezea vijana filamu za harakaharaka, mbili kwa tiketi moja, zikaonyeshwa zaidi katika zile sinema za uwanjani ambako mtu huangalia akiwa ndani ya gari lake. Wakazi wa zamani wa Dar es Salaam wanaijua sinema ya namna hiyo, kwa sababu mji wao nao ulikuwa nayo.

Pili, Marekani ya miaka ile ilikuwa imeingiwa na hofu juu ya vijana wake. Mwaka 1953 Baraza la Seneti liliunda kamati ndogo ya kuchunguza uhalifu wa vijana, na mwaka 1954 kamati hiyo ilikaa kusikiliza ushahidi juu ya vitabu vya katuni, vikituhumiwa kuwaharibu watoto. Mwaka 1955 zikatoka filamu mbili kubwa juu ya vijana waasi, Rebel Without a Cause na Blackboard Jungle. Magazetini, makanisani na mashuleni wakubwa walikuwa wanaulizana, hawa watoto wamepatwa na nini? Tumewalisha, tumewavisha, nchi ina utajiri, mbona wanapigana na kuvunja?

Herman Cohen na wenzake wakachukua hofu hiyo wakaichanganya na imani ya kale ya Ulaya kwamba wapo watu wanaogeuka mbwamwitu. Katika ngano za Ulaya na filamu zilizotangulia, mtu hugeuka kwa laana, kwa kuumwa au kwa mbalamwezi. Katika filamu hii hakuna laana wala mbalamwezi. Kijana anageuzwa na daktari mwenye leseni, ofisini kwake, kwa sindano.

Kisa chenyewe

Kijana anaitwa Tony Rivers, mwanafunzi wa sekondari ya Rockdale. Filamu inaanza na ngumi. Tony anapigana na mwanafunzi mwenzake, Jimmy, na sababu ni ndogo ya kuchekesha: Jimmy alimgusa begani kwa ghafla. Anafika mpelelezi wa polisi, Donovan, anawaachanisha. Donovan si mtu mbaya. Hamkamati, bali anamshauri aende kwa mtaalamu wa saikolojia, Dkt. Alfred Brandon, ambaye anafanya kazi katika kiwanda cha ndege cha mji ule. Tony anakataa. Anasema hana ugonjwa.

Nyumbani kwa Tony hakuna mama, amefariki. Baba yupo, ni mtu mpole mwenye kumpenda mwanawe, lakini anafanya kazi usiku. Anamsihi kijana wake ajifunze kukubali kuinama mara mojamoja, asishindane na kila mtu. Mchumba wake, Arlene, naye anamsihi. Kila mmoja anaona kuna tatizo, na kila mmoja amebaki na maneno tu.

Kisha inakuja sherehe ya vijana ya Halloween katika nyumba moja ya zamani. Vijana wanacheza na kutaniana. Rafiki yake Vic anamjia kwa nyuma kumshtua. Tony anageuka na kumpiga vibaya. Hapo muziki unakoma, na kamera inatuonyesha nyuso za wenzake zikimtazama kwa hofu. Tony anaziona. Kwa maoni yangu hapa ndipo filamu ilipo, kuliko mahali pengine pote. Kijana aliyekuwa anasema hana ugonjwa anajiona katika macho ya wenzake, na anakata shauri kwa hiari yake mwenyewe: nitakwenda kwa yule daktari.

Anakwenda. Na yule aliyemwendea alikuwa anamsubiri mtu wa namna yake. Dkt. Brandon ana nadharia yake: kwamba ustaarabu umeshindwa, na kwamba tumaini la binadamu ni kurudishwa katika hali yake ya mwanzo, hali ya unyama. Anamchoma Tony sindano ya dawa aliyoitengeneza kwa skopolamini, anampumbaza kwa maneno mpaka anakuwa nusu usingizini, kisha anamwambia kwamba hapo zamani alikuwa mnyama wa porini. Msaidizi wake, Dkt. Wagner, anapinga, anasema kijana anaweza kufa. Brandon anaendelea.

Baada ya hapo kijana mmoja, Frank, anauawa msituni akirudi nyumbani kwa miguu. Polisi wanatazama picha za maiti na hawaelewi alama za meno. Anayeelewa ni mfagiaji wa kituo, mzee Pepe, mhamiaji kutoka milima ya Carpathia, ambaye amekulia kwenye simulizi hizo. Halafu Tony anaitwa na mwalimu mkuu wa shule, Bi Ferguson. Anampongeza. Anamwambia amepata ripoti nzuri kutoka kwa Dkt. Brandon, na kwamba atampendekeza aingie chuo. Tony anatoka ofisini na furaha, anapita kwenye ukumbi wa mazoezi ambako msichana Theresa anafanya mazoezi peke yake, na hapo kengele ya shule inalia ghafla nyuma ya kichwa chake. Anageuka mbwamwitu, na Theresa anauawa.

Mashahidi wanamtambua kwa nguo zake. Anasakwa msituni. Asubuhi anarudiwa na sura yake, anaingia mjini, anampigia simu Arlene lakini hasemi neno. Kisha anakwenda kwa mtu yule yule, Brandon, anamwomba amsaidie. Brandon anamlaza tena kitandani, anamchoma tena sindano, na safari hii ameandaa kamera, kwa sababu anataka kulipata tukio kwenye mkanda. Simu inalia karibu yake. Mnyama anainuka, anamuua Brandon na Wagner, na kamera inavunjika. Polisi wanavunja mlango, wanampiga risasi. Anapokufa, manyoya yanaondoka na sura ya kijana inarudi.

Hasira ya Tony

Tuanze na hasira yenyewe. Ukiyapanga matukio ya filamu hii kwa mstari utaona kitu: kuguswa begani, kushtuliwa kwa nyuma, kengele nyuma ya kichwa, simu ya ghafla. Kila mara ni jambo la ghafla, na mara nyingi linatoka upande asiouona. Tony hatafuti ugomvi. Ni mtu ambaye mwili wake uko vitani hata pale ambapo hakuna vita, na mkono wake unatangulia akili yake. Filamu haielezi sababu, na yule daktari, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza sababu, hakuitafuta ili amtibu. Alitafuta mlango wa kuingilia.

Nimewahi kufundisha kijana wa kidato cha pili ambaye alikuwa hivyo. Sitataja shule wala mtaa. Ukimwita kwa jina alikuitikia kwa adabu, "Naam, ustadh". Ukipita nyuma yake ukamgusa, alirusha ngumi kabla hajajua wewe ni nani. Wenzake waligundua na wakaufanya mchezo. Familia yake ikampeleka kwa mtu mmoja aliyesifika mtaani kwa kutuliza vijana wakorofi, akakaa huko wiki kadhaa. Mama yake aliniambia, "Ustadh, kila nikipiga simu naambiwa anaendelea vizuri." Kijana aliporudi alikuwa kimya, ana alama za kamba kwenye vifundo vya mikono, na ngumi zake zilikuwa nzito zaidi ya mwanzo.

Nilimwomba yule mama akae naye, wawili tu, asimhukumu, amuulize moja tu: unaogopa nini kinachotoka nyuma? Ilichukua siku nyingi. Hatimaye kijana alisema kwamba nyumba aliyowahi kupangishwa akiwa mdogo, mtu mzima wa pale alikuwa anampiga kisogoni akiwa amelala. Basi. Darasani tukamhamisha akakaa kiti cha mwisho, mgongo ukutani, asipite mtu nyuma yake. Mama akampeleka kwa mshauri wa afya ya akili hospitali, na kila alipokwenda mama alikuwepo. Hakuwa malaika baada ya hapo, lakini ngumi zilipungua, na wale waliokuwa wanamtania walikosa pa kusimama.

Ninakitaja kisa hiki ili msomaji asidhani tunazungumza hekaya za Marekani peke yake. Akina Tony wapo madarasani mwetu. Tofauti kati ya mmoja anayeokoka na mwingine anayepotea mara nyingi inategemea mtu mzima aliyewekwa mbele yake.

Mbwa wa mwindaji

Sasa tuitazame nadharia ya Brandon, kwa sababu siku hizi inauzwa kwa majina mapya. Brandon anasema mnyama aliye ndani ya mtu ndiye mtu wa kweli, na malezi na adabu ni minyororo tu, basi ivunjwe. Leo kijana anaambiwa: usizuie hasira yako, itoe, kuwa wewe. Katika nyimbo na filamu anaambiwa mwanamume wa kweli ni yule anayeogopwa.

Wanazuoni wetu hawakukana kwamba mnyama yumo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake mashuhuri cha Ihyaa Ulumid-Din, anaeleza kwamba ndani ya mwanadamu mna sifa za namna mbalimbali, na miongoni mwake zimo za mnyama wa kufugwa na za mnyama mkali. Anatoa mfano wa mwindaji aliyepanda farasi akiwa na mbwa wake. Akili ndiye mpandaji, matamanio ni farasi, na ghadhabu ni mbwa. Mpandaji akiwa hodari, farasi amefunzwa na mbwa amefundishwa, windo linapatikana. Mpandaji akiwa mjinga, farasi mkaidi na mbwa hana adabu, mpandaji mwenyewe yuko hatarini kuangamia.

Zingatia kwamba katika mfano huu mbwa hauawi. Mwindaji bila mbwa anarudi mikono mitupu. Ghazali anaeleza kwamba mtu asiye na ghadhabu kabisa naye ana kasoro, kwa sababu hatatetea familia yake wala haki yake. Kinachotakiwa ni mbwa anayesikia anapoitwa. Ndiyo maana mtu aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akiomba wasia aliusiwa ajizuie na ghadhabu, na kila alipolirudia ombi lake akarudishiwa jibu lile lile. Na Mtume (s.a.w.) hakuishia kwenye wasia tu, alifundisha na njia: aliyeghadhibika akiwa amesimama na akae, na kama haijamwondoka na alale. Tazama jinsi mafundisho haya yanavyoanza na mwili. Mwili uliosimama uko karibu na ngumi, uliokaa uko mbali nayo kidogo, na uliolala uko mbali zaidi.

Hapa kuna jambo katika filamu ambalo huenda waliolitengeneza hawakulikusudia. Brandon naye anamlaza kijana. Tony amelala chali kwenye kitanda cha daktari, mwili umetulia, akili imelegea. Hali ile ile ambayo mtu mwema angeitumia kumtuliza, yule mtu aliitumia kumfungulia mbwa. Kwa hiyo usitosheke kuambiwa kijana wako ametulia. Uliza ametulizwa ili afanyiwe nini.

Ripoti nzuri

Linalonisikitisha zaidi katika kisa hiki ni ile ripoti. Bi Ferguson ni mwalimu mkuu mwenye nia njema. Amepokea maelezo kutoka kwa mtaalamu kwamba kijana anaendelea vizuri, na kwake hilo limetosha. Hakumuuliza Tony: huko ndani mnafanya nini? Anakuchoma sindano ya nini? Ukitoka pale unakumbuka nini? Baba naye hakuuliza. Mpelelezi naye hakuuliza. Kijana amekabidhiwa, mlango umefungwa, na watu wazima wote wanasubiri karatasi.

Na yupo Wagner, msaidizi. Huyu alijua. Alisema kwa mdomo wake kwamba kijana anaweza kufa. Kisha akabaki pale pale akiendelea na kazi. Katika kila jambo la khiyana kuna mtu wa namna hii: si yeye aliyelipanga, hata alilipinga kidogo, na kwa kuwa alilipinga kidogo anahisi amesafishika. Filamu haikumsamehe. Alikufa chumba kimoja na bosi wake.

Msomaji anaweza kusema haya ni ya filamu, madaktari hawafanyi hivyo. Wengi sana hawafanyi, alhamdulillah. Lakini mwaka 1957 filamu hii ilipokuwa inaonyeshwa, huko huko Marekani yalikuwa yanafanyika mambo ambayo watazamaji hawakuyajua. Tangu mwaka 1932 idara ya afya ya serikali ilikuwa inawafuatilia mamia ya wanaume weusi wa Tuskegee, Alabama. Wagonjwa wa kaswende miongoni mwao, 399, hawakuelezwa ukweli wa ugonjwa wao, na hata penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida hawakupewa, ili maendeleo ya ugonjwa yatazamwe. Jambo hilo lilifichuka mwaka 1972, na Rais Clinton akaomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997. Vilevile, kuanzia mwaka 1953 shirika la ujasusi la CIA lilikuwa na mradi ulioitwa MKUltra wa kujaribu dawa na njia za kutawala akili za watu, wengine wakitumiwa bila kujua. Seneti ilisikiliza ushahidi wake mwaka 1977. Brandon na kamera yake hakuwa mbali na ukweli kama watazamaji wale walivyodhani.

Alichosema mpelelezi

Filamu inamalizika kwa Donovan, akiwa amesimama juu ya maiti, akisema maneno yenye maana kwamba mwanadamu hapaswi kujiingiza katika mamlaka ya Mungu. Maneno mazuri, na Muislamu anaweza kuyapokea haraka na kuitikia. Mimi nayapokea kwa tahadhari, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, kosa la Brandon halikuwa elimu. Kutibu nafsi si kuingilia mamlaka ya Mungu. Waislamu walitangulia katika jambo hili. Abu Bakr ar-Razi, tabibu aliyesimamia hospitali ya Baghdad na kufariki mwaka 925, aliandika kitabu cha tiba ya nafsi ambamo ghadhabu ina mlango wake. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akafafanua ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi, na namna ya kuzitibu. Mwenye kusema kwamba Muislamu akienda kwa mtaalamu wa saikolojia amepungukiwa imani, hajawasoma wazee wake. Kosa la Brandon lilikuwa khiyana. Alipewa amana ya kijana aliyekuja kuomba kuponywa, akaigeuza kuwa mali ya utafiti wake. Angeweza kuifanya khiyana hiyo bila sindano yoyote, akiwa mganga wa kienyeji, kocha wa mpira, au ustadh mwenye fimbo.

Ya pili, anayesema maneno yale ni nani? Ni Donovan. Ndiye aliyemtaja Brandon kwa mara ya kwanza, pale penye ngumi. Alimwelekeza kijana kwa nia njema, na nia yake siitilii shaka. Lakini alipomwelekeza hakufuatilia, na mwisho wake anazungumzia mipaka ya Mungu, wala hazungumzii mipaka ya kazi yake. Ni rahisi kwetu sote kusema "dunia imeharibika" au "hizi ni fitna za mwisho wa zama". Ni vigumu kusema, "Mimi ndiye niliyempeleka, na sikurudi kuuliza."

Nasema haya pia kwa sababu wapo vijana wanaouliza kama kweli mtu anaweza kugeuka mbwamwitu. Jibu ni kwamba hii ni ngano ya watu wa Ulaya, wala haitujengei itikadi. Qur'an inapowafananisha baadhi ya watu na wanyama, inawasema wenye nyoyo, macho na masikio wasioyatumia, na inawaweka chini zaidi ya hao wanyama. Kwa kipimo hicho, mnyama wa filamu hii si Tony. Tony aliziona nyuso za wenzake zikiogopa, akaelewa. Brandon alikiona kijana kinamlilia msaada mara ya pili, akaenda kuweka mkanda kwenye kamera.

Maswali ya kuuliza

Basi mzazi, mlezi na mwalimu mwenzangu, kijana wako akisema "nisaidieni", ujue hilo ni neno gumu kwa mtoto wa kiume wa umri ule, na huenda asilirudie. Mtafutie msaada wa kweli, na unapomkabidhi kwa yeyote, awe daktari, mshauri, sheikh wa ruqya, kocha au mwalimu wa bweni, uliza yafuatayo bila haya.

Mosi, unafikiri tatizo lake ni nini, na umelijuaje? Mtu asiyeuliza historia ya kijana lakini tayari ana dawa yake mkononi, mwogope. Pili, utamfanyia nini hasa, na kama ni dawa, jina lake ni lipi na madhara yake ni yapi? Tatu, naweza kuwepo, au kufika wakati wowote bila taarifa? Anayejibu "hapana" aeleze sababu ambayo mtu mwenye akili ataielewa. Mtaalamu wa haki anaweza kuhitaji faragha ya mazungumzo, na ataieleza, lakini faragha haina kamba wala vidonda. Nne, nikiona anazidi kuwa mbaya, nimrudie nani zaidi yako? Tony alirudi kwa Brandon kwa sababu hakuwa na mlango mwingine wa kugonga.

Na swali la tano muulize kijana mwenyewe, si siku ya kwanza tu, bali kila anaporudi: leo umefanyiwa nini? Kisha nyamaza, umsikilize. Ripoti nzuri kutoka kwa mtaalamu ipokee kwa shukrani, lakini usiiache izibe masikio yako.

Yule kijana aliyeigiza Tony, Michael Landon, alikuwa na miaka 20 tu wakati ule. Baadaye akawa mashuhuri kwa tamthilia ya televisheni ya Little House on the Prairie, iliyoanza mwaka 1974, akiigiza baba wa familia ambaye kila jioni anarudi nyumbani kwa wanawe na kusikiliza shida zao. Watu wengi wanamkumbuka kwa baba yule kuliko kwa mbwamwitu. Tony hakuwa na baba wa kurudi jioni, alikuwa na baba wa zamu ya usiku. Wengi wetu mijini ni wa zamu ya usiku pia, kwa sababu maisha ni magumu na kodi ya nyumba haingoji. Hakuna anayelaumiwa kwa kutafuta riziki ya halali. Lakini hata mwenye zamu ya usiku ana dakika kumi za asubuhi, kabla kijana hajatoka na yeye hajalala. Katika dakika hizo ndipo swali la tano linapoulizwa.

Wabillahi tawfiiq.